Nishani ya Ethan na Mlango wa Mama Yake

Oxon Hill, Maryland
Jumapili, 6 Aprili 2025

Ethan amepewa nishani, shemeji. Nishani ya ushujaa vitani, ya Jeshi la Marekani lenyewe, si zile wanazogawia kila aliyefika kazini mapema. Nimeanza na hilo kwa sababu ningeanza na salamu ningepasuka.

Sasa, hamjambo huko Litein? Ng'ombe, chai, magoti yako, vyote vizima? Sisi tu wazima, tumshukuru Mungu. Barua hii nitaipiga picha nikutumie kwa simu kama kawaida, na wewe ukijibu tafadhali angalia kidole gumba. Mara ya mwisho nilisoma habari za mazishi ya jirani yenu nusu, nusu nyingine ikawa ukucha.

Kamanda wake alinipigia nikiwa kazini, namwosha yule mzee wangu ninayemtunza. Nilimwacha na sabuni kichwani nikatoka kwenye korido. Kamanda ana sauti nzito kama ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni, nikaanza kusali kabla hajamaliza salamu, kisha akasema neno nishani. Niliporudi mzee alikuwa bado amefumba macho. Nikamweleza yote, naye akasema hongera, sasa naomba maji.

Sikiliza alichofanya mtoto wa ndugu yako. Kambi yao ilivamiwa alfajiri, huko nchi za jangwani ambazo sijui hata kama naruhusiwa kuzitaja. Wengine wakalala chini ya vitanda. Ethan akatoka. Alisimama langoni peke yake, shemeji, na wale adui wakamjia kundi zima, na alipomaliza walikuwa wamelala chini kama mahindi baada ya mvua ya mawe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ethan mwenyewe kwa simu alisema tu, "Mama, I did my job," nilifanya kazi yangu, basi, lakini unamjua, huyo hata akishinda mbio akiwa mdogo alikuwa anasema wenzake walijikwaa.

Leo nimesimama kanisani nikatoa ushuhuda. Watu walipiga makofi mpaka Mchungaji Mugo akakosa nafasi ya kuhubiri. Mama Aketch alikuwa kiti cha mbele. Unamkumbuka, yule wa Kisumu ambaye binti yake anafanya kazi Greenbelt kwenye kituo cha utafiti wa anga, na tangu binti aajiriwe hatujala chakula cha kanisa bila kupewa habari za sayari. Leo hakuwa na sayari hata moja.

Nishani itatolewa Ijumaa tarehe 27 Juni, kambini Arlington. Na hili ndilo kubwa kuliko yote: kamanda amesema mzazi anaruhusiwa kuibandika mwenyewe kifuani mwa mtoto wake. Mimi. Wamaitha, mtoto wa Molo niliyeishia darasa la saba, nitasimama mbele ya majenerali nimchome mwanangu pini. Sijamwona tangu aende vitani, na nimeamua sitamwona mpaka siku hiyo, nimkumbatie hapo hapo kila mtu akiona.

Kesho yake tunafanya sherehe kwangu. Wewe visa yako ya siku ile binti yangu Cheryl alipohitimu bado iko hai, kwa hiyo njoo. Baba yake Ethan hayupo duniani, basi wewe ndiwe upande wa baba. Mletee maziwa ya mursik na lile taji lenu la sinendet mnalowavika mashujaa. Mimi Mkikuyu sijui kulisuka, na nataka kila kitu kifanywe sawasawa.

Shemeji yako,
Mama Ethan (siku hizi naitwa Mama wa Shujaa, lakini wewe endelea tu na Mama Ethan)

*

Litein
15 Aprili 2025

Kwako shemeji Mama Ethan,

Salamu nyingi kutoka kwa watu wote wa hapa nyumbani. Sisi hatujambo, ila ng'ombe mmoja anakohoa. Mvua imekuja vizuri. Magoti ni yale yale.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Hongera kwako uliyemzaa na hongera kwa ndugu yangu huko alipo. Watu hapa wamefurahi. Nami nitakuja, tikiti binti yangu Chelagat ameahidi kunishughulikia.

Ila kuna neno moja. Hao waliolala kama mahindi, ni yeye aliyewalaza?

Sikuulizi ili nimsifu. Nauliza kwa sababu kama mkono wake ulimtoa mtu roho, basi kuna utaratibu, na utaratibu wetu ulikuwapo kabla ya nishani. Mtu aliyeua vitani haingii nyumba ya mama yake. Hamkumbatii. Hashiki watoto. Hashiki chakula kwa mkono, anakula kwa kijiti au kijiko. Analala kwa nyumba nyingine mpaka aoshwe mtoni na mzee wa upande wa baba yake, anywe dawa, anyolewe, akae pembeni siku chache, ndipo aingie kwa mama yake kwa mlango wa mbele kama mtu aliyezaliwa upya. Na sinendet haivikwi kichwa chenye damu. Afadhali umvishe mbuzi.

Baba yetu alirudi kutoka Burma na jeshi la Keya, lile la Waingereza, akiwa na kipande cha shaba kifuani na koti zuri kuliko la chifu. Kogo, mama yake, alimwona akipanda kilima. Alisimama upande huu wa ua, yeye akasimama upande ule, wakasalimiana kama watu wanaouziana kuku. Alikaa kwa mjomba mpaka yakaisha. Kogo alituambia tulipokuwa wadogo kwamba zile siku zilikuwa ndefu kuliko vita yenyewe. Lakini alingoja.

Kwa hiyo niambie kweli, nijue ninakuja na nini kwenye mfuko. Kama aliua, wewe huwezi kumbandika kitu kifuani, shemeji. Huwezi hata kumpa maji.

Wako,
Festus arap Cheruiyot

*

Oxon Hill
Jumapili, 4 Mei 2025

Ethan wangu, baba,

Karibu tena Amerika. Cheryl ameniambia ndege yenu ilitua salama huko North Carolina na kwamba atakuja kukuona na mtoto wake mwishoni mwa mwezi. Mimi sitakuja, nataka nikuone siku ya nishani, usinikasirikie.

Nakuandikia barua kwa sababu kwa simu ukiulizwa swali unasema laini inakatika. Baba yako mkubwa Festus, si mimi, Festus, anauliza jambo dogo. Anataka kujua kama huko vitani uliua mtu. Jibu neno moja. Jibu jema ni hapana.

Nakueleza kwa nini. Wao wana utaratibu wao. Kama uliua siruhusiwi kukugusa mpaka uoshwe mtoni, na mto wenyewe hapa ni Potomac, na mimi nimeshanunua kitambaa cha sare ya akina mama, cha buluu na dhahabu, na nimeshawaambia watu wote kwamba nitakubandika nishani mwenyewe. Mama Aketch nimemwambia mara tatu.

Labda katika kusimulia niliongeza chumvi kidogo. Kamanda alisema "chini ya mashambulizi," mimi nikaweka adui, maana mashambulizi hayajirushi yenyewe. Halafu adui mmoja hakutosha kwa makofi. Unajua nilivyo. Baba yako alikuwa anasema nikitumwa kununua kuku ninarudi na hadithi ya ndovu.

Kwa hiyo nijibu haraka, na unieleze ilivyokuwa. Unakula? Umekonda? Hapa watu wanauliza unapenda keki gani.

Mama yako

*

Kambini, North Carolina
Mei 17

Mama,

Barua yako nimepata. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ulisema Kiingereza changu cha barua kinakuumiza kichwa. Ukiona makosa nisamehe, nilitoka Kericho na miaka kumi na mbili na kamusi sikubeba.

Hapakuwa na lango, Mama. Yaani lango lipo lakini sikusimama hapo kama kwa sinema. Kitu cha kuruka bila rubani kilikuja kikaanguka juu ya nyumba tunayolala, nyumba ikashika moto. Nikaingia nikatoa mtu. Nikaingia tena nikatoa mwingine. Ulrich, yule rafiki yangu ambaye wazazi wake ni wa Burundi, mguu wake ulikuwa chini ya chuma, tukachukua muda. Sasa anatembea vizuri na anasema amechoka kunishukuru. Hiyo ndiyo nishani. Mtu yeyote angefanya.

Sherehe tafadhali usifanye. Nitakuja Arlington, nitasimama pale, wataweka, nitarudi kambini. Keki sitaki. Nakula vizuri. Mguu wako unaendeleaje na kazi ya kusimama?

Msalimie Baba Mkubwa.

Ethan

*

Oxon Hill
Jumanne, 27 Mei 2025

Shemeji, pumua. Hakuua hata kuku.

Ameniandikia kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiswahili safi cha kutosha. Kulikuwa na moto, akaingia akatoa watu, akarudi, akatoa wengine. Wote wako hai. Sasa niambie, huyo anahitaji kuoshwa nini? Huyo ametoka kuwaosha wengine. Kwa hiyo weka hiyo dawa chini, chukua sinendet, njoo.

Lakini usinione nimepona bure. Ilibidi nisimame tena kanisani. Nilimwambia Mchungaji nina nyongeza kwenye ule ushuhuda, akafurahi, akanipa kipaza sauti. Nikasema, ndugu zangu, wale adui niliowataja mwezi uliopita, naomba muwafute. Mama Aketch akauliza kwa upole, upole ule wake, "Wote, Mama Ethan, au tubakishe wawili watatu?" Nikasema wote. Akauliza, "Na lile lango?" Nikasema lango lipo lakini halina kazi. Mchungaji Mugo akasema katika huduma yake yote ule ndio ushuhuda wa kwanza aliosikia ukipungua kadiri unavyokaa. Watu wakacheka mpaka akina mama wa kwaya wakashikana mabega. Nikacheka nao. Lakini nilipoeleza ya moto, jinsi alivyorudi ndani, hakuna aliyecheka, na Mama Aketch alikuja mwisho wa ibada akanishika mkono akasema, "Huyo ni mtoto." Basi. Kwake yeye, kwa mtoto asiye wake, hiyo ni hotuba.

Kuhusu sherehe, Ethan anasema hataki. Hilo lisikusumbue, hata kubatizwa hakutaka, alipiga mateke mpaka mchungaji akalowa.

Cheryl alikwenda kumwona Jumamosi na mtoto wake. Anasema kaka yake ni mzima ila amekuwa Mzungu kidogo. Alimpikia ugali na sukuma, akala ugali kwa uma. Kwa uma, shemeji, kama afisa wa mkoloni. Na mtoto hakumshika. Cheryl anamnyooshea, yeye anarudi nyuma, anasema ana mafua, anasema mikono ni baridi, anasema ngoja kidogo. Mtoto analia anamtaka, yeye amesimama upande wa pili wa meza anamchekesha kwa macho. Cheryl anasema labda ni uchovu wa safari. Mimi nasema wanaume wa siku hizi wanaogopa nepi kuliko mabomu.

Niletee na majani ya chai, ya hapa ni vumbi.

Mama Ethan

*

Litein
2 Juni 2025

Kwako Ethan, mwanangu,

Chamgei, nakusalimu. Mimi ni baba yako mkubwa. Hatujaandikiana tangu uniombe nikutafsirie jina lako kwa kazi ya shule.

Mama yako ameniandikia kwamba hukuua. Sikuulizi. Mtoto wa kiume haulizwi hilo na mtu aliye mbali, na mimi sikupigana vita yoyote isipokuwa na kampuni ya chai.

Nakuambia tu habari za babu yako. Aliporudi kutoka Burma hakuna aliyemuuliza alifanya nini huko. Walimuuliza, "Tuchemshe dawa?" Akasema, "Chemsheni." Hapo wakajua, na hawakutaka kujua zaidi. Walimpeleka mtoni, wakamkalisha kwa mjomba wake, wakamlisha kwa kijiko cha mti kwa sababu mikono yake ilikuwa haijarudi kwake bado. Ndivyo tunavyosema. Mikono inatangulia vitani na inachelewa kurudi. Hakuna aliyemwona mbaya. Mwenye tope miguuni si mtu mbaya, anatakiwa tu kunawa kabla ya kuingia.

Nasikia ulikula ugali kwa uma.

Nitakuwa huko wiki ya mwisho ya mwezi huu. Nafasi ya kwenye mfuko ipo. Nichemshe?

Baba yako mkubwa,
Festus

*

North Carolina
Juni 8

Baba Mkubwa,

Hukuniuliza, kwa hiyo nakujibu. Chemsha.

Kabla ya moto kulikuwa na watu wawili waliingia upande wa nyuma wa kambi. Mmoja alikuwa karibu nami kama kutoka mlangoni hadi mezani. Alikuwa kijana. Alikuwa na viatu vya plastiki vya buluu, kama vile tulivyokuwa tunavaa tukienda kuchota maji. Wa pili sikumwona vizuri. Kwenye karatasi ya nishani wameandika sentensi moja juu yao, moto ndio wameandika kirefu. Mama sikumwambia. Nilimwandikia yale ya moto, nikatuma haraka kabla sijaandika mengine.

Mtoto wa Cheryl nampenda sana. Sikuweza tu. Kila akininyooshea mikono, mimi naangalia yangu.

Hapa kuna daktari wa jeshi, mtu mzuri, nazungumza naye kila wiki na nitaendelea. Yeye ananiuliza najisikiaje. Wewe umeniambia nifanye nini. Nilikuwa nadhani ni mimi tu kichwa kimeharibika. Sikujua kwetu jambo hili lina kijiko chake.

Mama mwambie wewe. Mimi siwezi. Ameshasimama kanisani mara mbili kwa ajili yangu, sitaki asimame mara ya tatu. Na mwambie kuhusu ile nishani kwa upole. Najua anavyoitaka.

Mwanao,
Ethan

*

Litein
10 Juni 2025

Kwako shemeji,

Kaa kwanza. Kama unamwosha mtu, mtoe sabuni kabla ya kuendelea kusoma.

Ulichoniandikia ni kweli na hakikuisha. Ethan aliwatoa watu motoni. Na kabla ya moto kulikuwa na wawili ambao hawakurudi kwao. Ameniandikia mwenyewe na ameniruhusu nikuambie. Mengine hataki uulize, nami naomba usiulize. Ukitaka kulia, lia, kisha ushike kazi, maana kazi ipo nyingi.

Hakukudanganya. Mtoto akimpa mama yake nusu ya habari, ile nusu nyingine huwa amebeba yeye ili asikuchoshe.

Ameniomba nimwoshe. Sikumlazimisha. Nadhani amekuwa akijitenga mwenyewe bila kufundishwa na mtu, na hilo la uma na la mtoto ndilo lililonifanya nimwandikie.

Sasa yanayotakiwa. Kwanza, mto unaotembea, si kidimbwi. Pili, maziwa ya mbuzi. Gome la mti nitakuja nalo nimelisaga, nikiulizwa uwanja wa ndege nitasema ni la tumbo, na si uongo. Tatu, nyumba atakayolala tangu afike mpaka Jumamosi. Isiwe yako, isiwe ya Cheryl. Awe mama mwingine, mtu mzima, asiye na mdomo mrefu.

Nne ndilo gumu. Utamwona Ijumaa kambini, lakini hutamgusa. Ile nishani aibandike mkubwa wao. Wewe utakuwa upande huu wa ua, kama Kogo. Jumamosi ataingia kwako kwa mlango wa mbele, na hapo ni wako.

Najua nakunyang'anya kitu ambacho umekitangaza. Ukiona haiwezekani, niambie, tutatafuta njia.

Shemeji yako,
Festus

*

Oxon Hill
Jumapili, 15 Juni 2025

Shemeji Festus,

Nililia. Sasa tuendelee.

Njia unayosema tutafute, usitafute. Mimi nilitaka kumchoma pini mwanangu mbele ya watu, naye ana kitu kinachomchoma ambacho hakuna aliyekiona. Lipi litangulie? Alhamisi nikampigia kamanda nikamwambia mkono wangu wa kulia unauma, siwezi kubandika kitu. Akasema unaweza kutumia wa kushoto. Nikamwambia na wa kushoto umeanza. Mwisho akasema, "Mama, ataibandika kanali, wewe tutakuwekea kiti cha mbele." Nikaomba kiti cha safu ya tatu, katikati, nizungukwe na watu wazito, maana najijua. Cheryl atakaa kulia kwangu na amepewa ruhusa ya kunikanyaga mguu.

Mto upo. Ni Potomac, unapita hapa chini, mpana na unatembea vizuri tu. Ila usitegemee upweke wa kwenu. Upande mmoja kuna mahoteli na gurudumu kubwa la kuwazungusha watalii hewani, kwa hiyo nimetafuta sehemu ya juu kidogo yenye miti, ambako watu huenda kuvua samaki wasiowala. Maziwa ya mbuzi yako supamaketi kwenye pakiti. Nimenunua mbili, moja isiyo na mafuta kwa bahati mbaya, hiyo nitanywea chai.

Mchungaji Mugo nilimwambia, kwa sababu sitaki kumficha. Akasema, "Mama Ethan, damu ya Yesu yatosha." Nikamwambia naijua na naitegemea, lakini Yesu mwenyewe aliingia mtoni, na hakuwa na kosa. Kisha akauliza ni saa ngapi. Atakuja asimame mbali aombe kimoyomoyo, na ameahidi hatahubiri.

Sasa nyumba. Nilizunguka kichwa changu chote nikitafuta mama mtu mzima asiye na mdomo mrefu, na kila nikizunguka ninaishia kwa mtu yule yule, nikawa najaribu kuzunguka upande mwingine. Mwisho nilikwenda kwa miguu mpaka kwake. Mama Aketch. Nilimwambia mlangoni kabla hajanikaribisha chai, "Nimekuja kukuomba shujaa wangu alale kwako." Nikangoja aniulize yule shujaa wa lango au yule wa moto. Hakuuliza. Aliniangalia tu, akasema, "Ameua?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kwetu pia haingii." Akaniongoza moja kwa moja basimenti, chumba cha chini ya nyumba, ina mlango wake wa nje, kitanda ameshatandika, akafungua kabati akanionyesha sahani na kijiko cha mti alichorithi kwa bibi yake ambaye naye mumewe alitoka Burma. Shemeji, inawezekana baba yako na babu yake walikula mchele mmoja. Tukakaa kwenye ngazi. Halafu akanieleza sayari mpya waliyoiona Greenbelt, na nikasikiliza mpaka mwisho, na nikauliza maswali.

Ethan nimemwandikia mistari michache tu. Nilimwambia sitauliza. Nilimwambia atakakolala kuna chakula kizuri, samaki tele. Nilimwambia sherehe ipo lakini si ya nishani, nishani itakuwa kwenye sanduku lake mezani na asiyetaka kuiangalia asiiangalie. Watu wanakuja kula kwa sababu mtoto ameingia nyumbani. Amejibu neno moja, "Sawa." Nimelisoma sana hilo neno, lina uzito mzuri.

Kanisani leo nilisimama. Mama mmoja nyuma akashika kichwa. Nikasema sina ushuhuda, nina mwaliko tu, nikakaa. Mchungaji alipata nafasi ya kuhubiri yote, na kwa kweli alihubiri ndefu.

Kwa hiyo wewe utatua Jumanne tarehe 24, Cheryl atakupokea, vaa nguo nyepesi maana Juni ya hapa ni jiko. Jumatano alfajiri ni wewe, Ethan na mto. Mimi nitakuwa barabarani ndani ya gari, vioo juu, nimeangalia upande mwingine, na Mama Aketch ameshika funguo ili nisitoke. Ijumaa ni ya jeshi, nitapiga makofi kutoka safu ya tatu. Wasomee hii watu wote wa hapo nyumbani, na uwapigie jamaa wa Minnesota na wa Delaware, waambie kitambaa ni buluu na dhahabu, asiye nacho aje hivyo hivyo. Waambie wasilete zawadi za askari, bendera ninazo. Walete vyakula, na walete watoto wao, wadogo hasa, wale wa kushikwa. Mlango wa mbele nitaufungua mwenyewe, nitasimama hapo, na asiingie mtu kabla yake hata kama ni mchungaji, hata kama mvua inanyesha. Ni Jumamosi, tarehe 28 Juni, saa nane mchana.

Wamaitha,
Mama Ethan